Ushahidi wa Pili wa Bi Nyemo

Garimoshi liliingia stesheni ya Mlowezi saa nne kamili asubuhi, ingawa reli zake zilikuwa zimeng'olewa miaka mingi nyuma. Lilipiga honi, likatoa mvuke, abiria wakashuka na matenga ya kuku. Wageni waliosimama jukwaani walirudi nyuma kwa woga. Kisha vumbi la nuru lililolifanyiza likatawanyika, pakabaki sakafu iliyosuguliwa na kuta zilizopakwa chokaa upya.

Hiyo ilikuwa kazi ya Msimulizi, akili mnemba iliyotunza jumba hilo dogo la makumbusho ya mji. Msimulizi alikuwa amelishwa kila jalada, kila picha na kila kiapo kilichopata kuandikwa Mlowezi. Alipima uzito wa kila ushahidi, na uliozidi ndio aliousimulia. Shule zilifundisha alichosema, na mahakama hazikumpinga.

Bi Nyemo Ndahani, mhandisi mstaafu wa miaka sabini na mmoja, hakuja kutazama garimoshi. Alimshika mkono jirani yake wa tangu ujanani, Merina, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Yohana, akampeleka moja kwa moja kwenye chumba kilichokuwa zamani cha kukatia tiketi.

"Mbona tunakimbia, mwenzangu?" Merina alilalamika. "Ulisema tunakuja kuangalia vitu vya kale."

"Tumefika. Kaa hapo."

Chumba kile kilisimulia habari za garisumaku, gari linaloelea juu ya njia yake bila kuigusa. "Miaka arobaini na moja iliyopita," ilisema sauti ya Msimulizi, "garisumaku la kwanza lilifanyiwa majaribio hapa. Lilipita katika handaki la mlima kwa kasi ya kilomita mia tano kwa saa. Hakuna mtu aliyekwaruzika."

"Si kweli," alisema Bi Nyemo. "Nataka kutoa ushahidi."

"Karibu, mama. Nakusikiliza."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo jikoni kwake kwa wiki nzima, lakini sasa yalitoka yamekauka.

"Mimi ndiye niliyekuwa chumba cha kuongozea. Kioo changu kilionyesha alama tano nyekundu ndani ya handaki. Mafundi watano. Niliomba gari lisimamishwe. Mkuu wangu akasema wamo wageni wakubwa, halisimamishwi. Likapita. Alama zikazimika, moja baada ya nyingine. Jioni ile nikaapa kwa maandishi kwamba njia ilikuwa tupu." Akamgeukia Merina. "Mmoja wao alikuwa Senyagwa, Mama Yohana. Baba Yohana hakukukimbia."

Merina alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani.

Miaka yote hiyo alikuwa ameambiwa kwamba mumewe alitorokea migodini na mwanamke mwingine. Alizichoma nguo zake uani. Alimfundisha mwanawe kulitema jina la baba yake, na Yohana alizikwa akiitwa kwa jina la mjomba.

"Ulikuwa unakuja kwangu," Merina alisema polepole. "Unakula kwangu. Unanisikia ninavyomlaani."

"Niliogopa."

"Miaka arobaini na moja?"

Bi Nyemo aliinua uso kuelekea dari, ilikotoka sauti. "Umesikia, Msimulizi? Rekebisha."

"Nimepima," Msimulizi alisema kwa upole. "Ushahidi wako wa kwanza ulitolewa siku ileile, kwa kiapo, nao unalingana na nyaraka zote. Huu wa pili umechelewa mno na hauna kielelezo. Uzito wake ni asilimia tatu. Nitauhifadhi, lakini sitausimulia."

"Lichimbeni handaki!"

"Lilijazwa zege mwaka uliofuata."

"Jiulize kwa nini!"

"Nyaraka zinasema ni kwa ajili ya usalama. Samahani, mama."

Merina alikuwa amesimama. "Na wewe, baba, unasemaje?" aliiuliza dari. "Mume wangu yuko wapi?"

"Kwa nyaraka nilizonazo, Senyagwa Mbeleje aliacha kazi akaenda migodini. Sina habari ya kifo chake. Nikitumia picha zake za zamani, naweza kukuonyesha kadirio la jinsi alivyo leo."

"Usimwonyeshe," alisema Bi Nyemo.

"Nionyeshe," alisema Merina.

Nuru ikakusanyika pembeni. Mzee mwenye upara alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, akimenya karanga na kumcheka mtu asiyeonekana. Pengo lake la mbele lilikuwa palepale.

Merina alijifunga kanga vizuri. "Amezeeka vibaya," alinong'ona.

"Mama Yohana, huyo si yeye. Amekufa. Mimi niliona."

"Nyamaza! Ulisema njia ni tupu, nikaamini. Leo unasema ilikuwa na watu. Unaniletea maiti isiyo na kaburi, niende nayo wapi na uzee huu? Mwanangu nimuombe radhi wapi?" Akamnyooshea kidole mzee wa nuru. "Huyu angalau anapumua. Nenda, Nyemo. Tafadhali nenda."

Bi Nyemo alitoka hadi kwenye kizingiti, akasimama hapo. Nyuma yake alimsikia Merina akivuta kiti.

"Mwambie ageuke huku," Merina alimwomba Msimulizi.

Yule mzee wa nuru akageuka. Merina akaanza kumgombeza kwa sauti ya chini, taratibu, jinsi mke anavyomgombeza mume aliyechelewa kurudi chakula kikapoa. Akamweleza jinsi Yohana alivyougua, na nani aliyelibeba jeneza. Mzee alitabasamu, akachukua karanga nyingine, akaimenya.