Mchoro wa Mtu wa Vidole Vitatu

Siku arobaini swali moja lilininyima usingizi: aliyemuua Bakari ni wale waliompiga, au ni mimi niliyeandika?

Nina miaka ishirini na minne, nimehitimu ualimu juzi tu. Mkasa huu ulinikuta kwenye mazoezi ya kufundisha, katika kijiji kimoja kaskazini ya Palma, nchini Msumbiji.

Kila Ijumaa formador wetu, yaani mkufunzi, alitutaka tuandike kwenye blogu ya darasa: umefundisha nini, kipi kimekushinda, utabadilisha nini. Nilipenda mno! Mimi ni mtu wa kuwaza na kuwazua. Mwenzangu Anselmo alizoea kunicheka: "Wewe dada, hata chai unaiandikia ripoti!"

Siku moja niliwaambia watoto wachore mtu wanayemjua. Mwanaisha, wa miaka tisa, akachora nyumba inawaka moto. Mlangoni kasimama mwanamume, kainua panga. Mkono mmoja una vidole vitatu...

Mtu huyo nilimjua. Ni Bakari, msukaji wa madema ya kuvulia samaki, aliyehamia pale baada ya vita kama wengine wengi. Je, alikuwa pamoja na wale waliochoma nyumba za watu wakati wa vita? Je, mtoto alimwona? Nilijiuliza maswali ishirini. Mtoto mwenyewe sikumwuliza hata moja.

Kwetu, waliorudi kutoka ukimbizini hawaulizani habari za siku zile. Unamkuta mtu yu hai, unamshukuru Mungu, unanyamaza. Nami nikanyamaza kwa mdomo, nikaenda kuandika.

Niliandika: "Huenda mwanafunzi wangu anaishi jirani na mtu aliyemchomea nyumba." Nikaweka na picha ya mchoro. Jina sikulitaja, nikajiona mwangalifu! Lakini kijijini, vidole vitatu ni jina kamili.

Anselmo akaituma kwa binamu yake anayeishi palepale. Jumamosi asubuhi mchoro ulikuwa umeshazunguka soko zima.

Nilikuwa nanunua mihogo niliposikia makelele. Walikuwa wamemburuta Bakari kutoka kwenye madema yake. Walimpiga kwa marungu, kwa mawe, kwa fito zake mwenyewe za kusukia. "Sema ulikuwa na nani!" Alipofumbua kinywa aseme, wakampiga jiwe la meno. Damu ikamtoka puani, masikioni... Mimi nilisimama na mihogo yangu. Hata kelele sikupiga!

Mwanaisha ndiye aliyekimbia. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akamlalia Bakari kifuani. "Mwacheni! Ndiye aliyenitoa! Alivunja mlango kwa panga, moto ukamla mkono!"

Watu wakatawanyika, kila mmoja akitupa fimbo yake vichakani. Bakari alikata roho kabla ya adhuhuri.

Mnadhani yaliishia hapo? Ndugu zake walimtafuta mwenye maneno, wakamwangukia Zaina, mama yake Mwanaisha, kwa kuwa mchoro ulikuwa wa mwanawe. Wakamvunja mkono kwa mchi, wakaapa kwamba arobaini ikipita akiwa bado pale, watamzika. Masikini Zaina alilia: "Simu sina, kuandika sijui, nimetuma nini mimi?" Nani alimsikiliza?

Na mimi? Nilikuwa nimeshalifuta andiko langu. Nikapewa alama nzuri, nikavaa joho, mama akanipigia vigelegele... Kila kigelegele kilinichoma kama kaa la moto.

Wenzangu mnaojifunza kazi kwa kuandika mitandaoni, nawasihi! Kuitafakari kazi yako ni jambo jema. Lakini maisha ya mtoto si zoezi lako. Muulize kwanza. Na picha yake iache kwenye daftari lake. Ukikosea, usimwache mwingine avunjwe mkono kwa ajili yako.

Arobaini ya Bakari ilipofika, nilikwenda. Mchoro niliukunja ndani ya kanga. Uani watu walikuwa wanakula. Omari, kaka yake marehemu, akaniita kwa heshima ya mwalimu: "Karibu, profesora, kaa ule."

"Sitakula, kaka Omari. Zaina hakusema neno. Aliyeandika ni mimi."

Nikaufunua mchoro mbele yake. Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Omari akanawa polepole, akainuka, akanijia.

Sikukimbia.