Shamba au Mpimaji

"Chagua sasa hivi, Sindano. Shamba au huyu mpimaji wako!"

Kaka alifunga Biblia kwa kishindo. Yeye ni mzee wa kanisa, na tangu Baba afariki hakuna anayembishia pale sebuleni. Mimi ni fundi cherehani, jina la Sindano nimelipatia kazini. Mchumba wangu, mpima ardhi, alikuwa kando yangu, jasho linamtoka.

"Kaka, si nimekusomea?" nikasema. "Mabinti watano walimwendea Musa wakadai urithi wa baba yao. Mungu akasema wana haki, wapewe."

"Wale hawakuwa na kaka. Halafu umesoma nusu. Mbele wanaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, ardhi isihame. Haya, huyu ni wa ukoo wetu?"

Nikamgeukia Mpimaji anitetee. Akawa anatazama viatu vyake. Mara akasimama, akamgeukia Mama aliyekuwa amekaa pembeni.

"Mama, naomba niende."

Akaondoka! Jioni ikaingia meseji: "Tuahirishe ndoa kwanza. Kuna jambo lazima nilimalize. Nisamehe."

Nikapiga, hapokei. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Nilichanganyikiwa. Kama alifuata shamba, mbona amekimbia kabla sijalikosa? Na kama alinifuata mimi, mbona amekimbia? Kesho yake nilimshonea mteja gauni, mkono wa kulia nikauweka kushoto. Nikazima cherehani, nikaenda ofisini kwake. Nilimkuta ameinamia ramani.

"Kaka amekutisha?"

"Hapana."

"Una mwingine?"

"Sindano, hapana!"

"Basi sema, kichwa kinataka kupasuka!"

Akaweka kalamu chini.

"Nilitaka kumjibu kaka yako, maneno yakagoma. Nina dada watatu. Baba alipofariki, shamba lake nililipima kwa mikono hii, nikaandika jina moja. Langu."

Sikujua nimpige au nimkumbatie.

"Na hukuniambia?"

"Niliona ni kawaida. Jana nikimsikiliza kaka yako, nikawa kama nasikia sauti yangu mwenyewe."

"Sasa?"

"Nimewaita kesho tugawane sawa kwa sawa. Wawili wanakuja. Mkubwa amenikatia simu."

"Nipe namba yake."

Ikaita sana, ikapokelewa.

"Shikamoo, wifi. Mimi mchumba wa mdogo wako. Sikuombi umsamehe, hata mimi nimemkasirikia. Njoo tu uchukue chako."

"Kwani wewe unapata nini hapo?"

"Sijui, wifi. Kwa kweli sijui."

Akacheka kidogo. "Angalau wewe si mwongo. Nitakuja."

Akaja. Waligawana, wakalia, wakagombana, wakala pamoja.

Jumapili baada ya ibada, Mpimaji akiwa kwetu, Kaka akaleta muhtasari wa kikao cha ukoo cha kugawa shamba ili Mama atie saini. Mama akavaa miwani, akasoma mpaka chini.

"Jina la binti yangu liko wapi?"

"Mama, Maandiko..."

"Maandiko nimeyajua wewe hujazaliwa. Ayubu aliwapa binti zake urithi pamoja na kaka zao. Ukurasa huo umeliwa na panya?"

"Lakini ardhi itahama, Mama."

"Haitahama, shemeji," Mpimaji akasema. "Andika jina lake peke yake. Langu lisionekane popote. Dada zangu nimewapa chao juzi, ndiyo maana leo naweza kukutazama usoni."

Kaka akachukua kalamu, akanigeukia.

"Sindano, mimi sikuwa nakuibia. Baba ndivyo alivyotufundisha."

"Najua, Kaka. Lakini na mimi nilikuwa mtoto wake."

Akaandika jina langu. Mama akatia saini.

Nilipomsindikiza Mpimaji nje, nikamwambia, "Siku nyingine ukiwa na jambo, usizime simu."

"Sizimi tena. Ndoa je?"

"Umeahirisha wewe, rudisha wewe."

Akapiga goti palepale barabarani, suruali ya ibada na vumbi lote.

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata. Kaka ndiye aliyenishika mkono hadi madhabahuni. Njiani nikasikia anavuta kamasi, machozi yanamtoka. Sikujua ni furaha, ni aibu, au bado ni shamba. Nilitaka kumuuliza, ila mchungaji alikuwa ameshaanza kusoma, na mkono wangu Kaka alikuwa bado hajauachia.