Barua Iliyoshonwa Ndani ya Jalada

Kisomakunjo, mashine ya kusoma karatasi bila kuikunjua, kilikuwa na umbo la bakuli lililofunikwa, na hakikugusa karatasi hata kidogo. Kilirusha miale myembamba juu ya barua iliyokunjwa mara nne. Miale ikatafuta chembe za chuma zilizomo katika wino wa kale, na maandishi yakachomoza hewani mstari baada ya mstari. Barua yenyewe ilikuwa imekauka kama jani la tumbaku. Mkono wa mtu ungeifanya unga.

Zamoyoni Kitwana, fundi wa vituo vya angani, aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Mashine alizozizoea zilitazama nyota. Hii ilitazama ndani ya karatasi!

Alikuwa amealikwa na maktaba kwenye maonyesho ya barua za Malkia Nyakazi wa Busomi, aliyefungwa katika boma la wakoloni zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Barua kumi na moja zilizotoka kifungoni zilikuwa ukutani, zote zikiwaamuru watu wake washuke mlimani na kusalimisha silaha. Walishuka, wakanyang'anywa ardhi. Tangu hapo watu wa Busomi walimwita malkia yule mwoga. Aliyeziandika kwa niaba yake, kwa kuwa hakujua kusoma, alikuwa Karani Mbaruku, babu wa mababu wa Zamoyoni.

"Hii ya kumi na mbili tuliikuta imeshonwa ndani ya jalada la daftari la gereza," alisema mhifadhi, Bwana Sekwao. "Haikutumwa. Kisheria, barua isiyotumwa ni ya uzao wa mwandishi. Soma kwanza, Bi Zamoyoni. Ukikubali, mashine itawasomea watu ukumbini kwa sauti. Ukikataa, nakala inafutwa, na hakuna atakayeulizwa."

Zamoyoni akasoma.

*Kwa ndugu yake Malkia. Dada yako hakusema niliyoyaandika. Alisema: msishuke, hata wakiniua. Mimi nikaandika: shukeni. Mke wangu walikuwa naye chumba cha pili, ana mimba ya miezi saba. Waliniambia nichague.*

Akasoma tena. Nyumbani kwao Zamoyoni, Mbaruku alisifiwa katika kila arusi: karani mwaminifu aliyemtumikia malkia hadi mwisho. Mama yake alikuwa na picha ya karani huyo sebuleni.

"Huyo mtoto alizaliwa?" aliuliza Bwana Sekwao kwa sauti ya chini.

"Alizaliwa. Sisi sote tumetokana naye." Zamoyoni alishika ukingo wa meza. "Angekuwa mkweli, mimi nisingekuwapo hapa kuisoma."

Nje ya pazia lililotenga chumba kile na ukumbi, watu walianza kuketi.

"Mama yangu hatanisamehe," alisema Zamoyoni. "Lakini huyu mtu aliificha asiichome. Alitaka isomwe, ila hakupata ujasiri. Zima mashine yenu isiitamke. Nitaisoma mwenyewe."

Alitoka mbele ya watu, akajitaja jina na ukoo, akaanza. Alipofika kwenye neno *msishuke*, sauti yake ilipungua. Akaendelea mpaka kwenye ile mimba ya miezi saba na neno la mwisho, *nichague*. Alingoja zomeo.

Katika safu ya kwanza akainuka ajuza mmoja, kitenge chake kimefungwa kifuani kwa mtindo wa Busomi. Alitembea taratibu hadi jukwaani.

"Shikamoo, bibi," alisema Zamoyoni, macho chini.

"Marahaba." Ajuza alimtazama usoni kwa muda, kama anayetafuta sura ya mtu mwingine. "Bibi yangu alikufa akiamini malkia alituuza. Tulikuwa na wimbo wa kumcheka. Mimi mwenyewe nimewafundisha wajukuu."

"Nisamehe, bibi."

"Babu yako nitamfikiria kesho." Alivuta kiti, akaketi karibu kabisa na miguu ya Zamoyoni. "Sasa rudia yale aliyosema malkia. Paza sauti, mwanangu, sikio langu hili halisikii vizuri."

Zamoyoni akavuta pumzi, akarudia.