Posho ya Mahudhurio

Ndugu zangu, sikieni hii kabla haijawabishia hodi.

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa na raha yake. Mtoto kavaa soksi moja, ya pili anaitafuta huku kaishika mkononi, mama yake anamcheka mpaka machozi. Baba anapuliza chai. Huyu baba ni karani wa mishahara kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mkewe yupo hukohuko, kwenye ile pasi kubwa yenye magogo mawili ya chuma, ya moto, yanayozunguka: shuka linamezwa limekunjamana, linatemwa limenyooka. Wenzake wanamwita Bi Mvuke.

Basi Bi Mvuke kainuka, kayumba, kashika ukuta. Karani akamgusa shingo.

"Mama watoto, mbona unachemka? Leo lala."

"Nilale? Posho ya mahudhurio nayo italala? Umesahau, baba watoto?"

Angesahauje! Yeye ndiye aliyeizaa, na mkewe hakujua.

Ilikuwa hivi. Serikali ilipopandisha kima cha chini cha mshahara, bosi alimwita karani, akafunga mlango. "Wewe mtu wa hesabu. Nataka sheria icheke na mfuko wangu usilie." Karani akapenda kusifiwa. Wafanyakazi walikuwa na mshahara, na juu yake posho ya nyumba na ya nauli. Akavimwaga vyote kwenye kapu moja, jumla ikafika kiwango cha sheria bila bosi kuongeza hata senti. Kisha humohumo akamega pande kubwa, akaliita posho ya mahudhurio. Ukikosa siku moja, uwe mgonjwa uwe umefiwa, pande lote linayeyuka. Bosi akampigapiga bega. Jamani, bega likipigwapigwa na bosi, akili inahama!

Toka hapo watu wakawa wanakuja kazini wanatetemeka kwa homa. Mkaguzi wa kazi alipopita, karani alimwonyesha ile jumla tu. Mkaguzi akaenda zake. Hofu ikabaki.

"Lala bwana," karani akabembeleza. "Nitakuandikia kuwa upo."

"Na wenzangu wenye homa utawaandikia? Wakijua, watanitafuna mbichi. Twende."

Wakaenda. Karani akakaa ofisini, kalamu mkononi, masikio yote kwenye pasi ng'ambo ya ukuta. Inanguruma. Ikinguruma, mke wangu mzima, anajiambia. Simu ikilia, anaruka. Mlango ukigongwa, anaruka tena. Bado inanguruma.

Ikanyamaza.

Karani akatupa kalamu. Ndipo akasikia ukelele, na aliujua ukelele ule ni wa nani.

Alimkuta chini, fundi mitambo kamfunga mkono uliobanwa na pasi kwa shuka jeupe ambalo halikuwa jeupe tena. "Kizunguzungu," Bi Mvuke alikuwa anasema, "kizunguzungu tu, msizime mashine." Hospitali wakaokoa kiganja. Vidole vitatu vikaenda.

Jioni bosi akamvuta karani pembeni, kwenye korido ya wodi. Sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Kesho mkaguzi anakuja. Utasema mkeo alikuwa mzima, alizembea. Na fidia tutaipiga kwa mshahara mtupu, posho hazimo. Tumeelewana? La sivyo wote wawili nje. Na usisahau, ile akili ilikuwa yako."

Karani akarudi kitandani kwa mgonjwa wake. Mkewe akafumbua macho.

"Baba watoto, aliyebuni ile posho ana watoto kweli?"

Karani akamfunika shuka mpaka mabegani.

Kesho yake mkaguzi akasimama mbele ya ile pasi, wafanyakazi wamezunguka, bosi kakunja mikono. "Mama huyu alikuwa na afya njema?"

Karani akamtazama bosi. Akayatazama yale magogo, yamepoa. Sauti ikamtoka nyembamba kama ya kuku.

"Alikuwa na homa. Hakuthubutu kukosa. Ile posho inayowaleta wagonjwa kazini niliibuni mimi. Bila hiyo mshahara haufiki kiwango."

"We karani!" mfuaji mmoja akafoka. "Ni wewe? Na mkeo ukamwacha?"

Siku hiyohiyo akafukuzwa. Mkaguzi akambana bosi: wafanyakazi wakarudishiwa haki yao, fidia ikapigwa kwa mshahara kamili. Lakini alipomwambia mkewe kuwa ile posho aliibuni yeye, Bi Mvuke aligeukia ukutani.

Mpaka leo wanaishi nyumba moja. Maneno ni machache. Asubuhi karani anapiga magoti, anamvisha mtoto soksi zote mbili. Mama yake anatazama tu. Hacheki.

MAFUNZO

Wewe mwenye kiwanda, sheria ya kima cha chini iliwekwa mtu aishi, siyo uichezee kiini macho cha posho. Mfanyakazi, uliza: mshahara wenyewe ni upi, na nikiugua kinabaki nini? Usione haya kuuliza. Na wewe unayeshika kalamu ya bosi, mchimba kisima huingia mwenyewe, na mara nyingine anamtanguliza ampendaye. Sema kweli ungali unaogopa. Ukingoja hofu iishe, utakuta vidole vimeshakwenda.