Mausi ya Sharifah

Haya yalimkuta rafiki yangu Nasur, fundi wa kompyuta pale Awindiri. Mteja mmoja, mama Kulusum, alitoka Koboko na kompyuta ya marehemu bintiye, Sharifah. Kioo chake kilikuwa kinatetemeka, akashindwa kutazama picha za mwanawe.

Nasur alifunga mlango, akakagua. Kioo kilionyesha upya picha mara thelathini kwa sekunde. Kwa kibodi akakipandisha hadi sitini. Kikazima, wakabaki gizani.

"Usiguse, mama. Kama hakuna mtu anabofya kukubali, itarudi ile thelathini ya zamani."

Wakasikia tik, ndani ya mkoba wa Kulusum.

Kioo kikawaka, kimetulia. Sitini imekubaliwa.

Kulusum alishagawa vitu vyote vya marehemu, isipokuwa mausi yake, kile kipanya cha kubofyea kompyuta. Akaitoa mkobani, imefungwa kwenye leso, akamwekea Nasur kiganjani huku akilia.

Ilikuwa na joto, kama mkono umetoka juu yake sasa hivi.