Injini Isiyozimwa

Ndugu zangu wa Kawempe, asubuhi ile Okullo alikuwa akinywa chai bila sukari, kama sisi sote miaka ile ya utawala wa jeshi, huku bintiye Akidi amempanda mgongoni akimvuta masikio. Mkewe Adyero alicheka mpaka akashika mbavu.

Okullo alikuwa fundi wa mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi. Mhindi mwenye mashine alikuwa amefukuzwa nchini, na mashine akapewa Sajini Faruk, mtu asiyejua hata oili inatiwa wapi. Injini ilikuwa kuukuu. Kuiwasha, wanaume watatu walizungusha hendeli mpaka wakalowa jasho, kwa hiyo ikishawaka hakuna kuizima. Mkanda wa kuzungusha kinu ukiteleza, Okullo aliupaka nta huku unazunguka. Bati la kuufunika mkanda usidhuru mtu, wafanyakazi walilifungua wenyewe, ati linachelewesha kazi. Tena wakajisifu! Aliyesita walimcheka.

Sajini akiuliza, wote waliitikia, "Sawa, afande!" Kusema mashine ni mbovu kulikuwa kujitafutia jina la mhujumu, na wahujumu walipotea. Siwalaumu kwa woga. Nawalaumu kwa kujisifu.

"Baba Akidi, injini uwe unaizima kwanza ndipo upake nta," Adyero alimwambia asubuhi hiyo.

"Utakuja wewe kuzungusha hendeli?" Okullo alijibu akicheka, akaenda kazini.

Kabla ya adhuhuri mkanda ulinasa shati lake, ukavuta na mkono. Hospitalini walimkata mkono juu ya kiwiko.

Mnadhani watu walishtuka? Wapi! Sajini alimwita Opoka, mdogo wake Okullo, akampa nta ileile. Adyero aliposikia, alimwacha mtoto kwa jirani akaenda mbio. Alimkuta Opoka ameshainama, akajitia kati yake na mkanda.

"Shemeji, zima."

"Mama Akidi, afande yuko hapa."

"Namwona. Zima!"

Opoka akafunga dizeli. Sajini akaja juu. "Wewe mama! Nani nakupa ruhusa simamisha kazi?"

"Mume wangu hana mkono, afande. Unataka na wa huyu?"

Adyero hakusogea. Sajini alishika bastola kiunoni. Hapo wapagazi wakatua magunia, wakaja kusimama na Adyero mmoja mmoja, na akina mama wachekecha unga pia.

"Kazi tunataka, afande," Opoka alisema. "Lakini bati lirudi."

Sajini aliwatazama. Kambi ya jeshi ilikuwa inangoja unga, na yeye kusaga hajui. "Lifungeni basi, upesi!" akafoka, akatoka.

Tangu siku hiyo hata mfagiaji akisema zima, injini inazimwa, na hendeli wanazungusha wote.

Okullo alipohadithiwa, alilia. "Laiti ungekuja siku yangu!"

"Siku yako nilikuambia," Adyero alisema, naye akalia.

FUNZO

Usalama kazini hauletwi na mkubwa peke yake. Ni desturi ya wote, na huanza pale mmoja anapothubutu kusema na wenzake wasimwache peke yake. Anayekuonya usimcheke. Mkono wa Okullo haukukatwa na mkanda tu. Ulikatwa na vicheko vile pia.