Antena Iliyojificha Migombani

Kila Ijumaa Mzee Rugaibula wa Kanazi alifunga betri ya gari nyuma ya baiskeli yake, akaipeleka mjini Bukoba kuichaji. Gari hakuwa nalo. Betri ilikuwa ya televisheni, televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Kila jioni mzee aliiwasha, akaipiga kofi ubavuni, akakaa kutazama chenga. Ndani ya chenga hizo kituo kimoja cha Uganda kilikuja na kupotea. Vituo vya Tanzania havikuja kabisa.

"Leo naona watu wawili," mzee alisema.

"Hao ni ng'ombe," alijibu mkewe, Ma Kemilembe, huku akimenya ndizi.

Huo ulikuwa mwaka 1999. Katika miaka hiyo hapakuwa na nyumba Kanazi ambayo haikuwa imezika. Nyumba ya Rugaibula ilimzika binti yao, Eufrazia, aliyeacha mtoto mmoja wa kike, Kokuhirwa. Mama yake alipofariki Kokuhirwa alikuwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na saba, na hakuikumbuka sura ya mama yake. Picha zote zilikuwa katika sanduku moja chini ya kitanda, na mchwa walizila.

Jumapili moja kanisani, Mchungaji Mutembei alisoma barua. Wageni waliokuja zamani kurekodi kwaya walikuwa wamemaliza kipindi chao. Kingeonyeshwa Jumapili ijayo, saa kumi jioni, kwenye kituo kinachoonekana bure. Ndani yake yumo marehemu Eufrazia, akiimba na kuzungumza.

Ma Kemilembe alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Kokuhirwa alimvuta babu yake koti.

"Babu, nitamwona mama?"

"Utamwona," alisema Rugaibula. Halafu akakumbuka chenga zake.

Ijumaa hiyo alimweleza shida yake fundi aliyekuwa akimchajia betri pale mtaa wa Bakoba, mjini. Fundi huyo alikuwa mwanamke, Msukuma, jina lake Limi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki katika visiwa vya Muleba, na huko Limi alijifunza kutengeneza redio za wavuvi. Wateja wengine walimwuliza fundi yuko wapi, naye aliwajibu kwa bisibisi yake, bila maneno mengi.

"Antena yako iko wapi, mzee?" aliuliza.

"Iko kwenye kibanja, chini ya migomba."

Limi aliacha kazi, akamtazama kama anatania. Mzee hakuwa anatania.

Kesho yake fundi alifika Kanazi kwa baiskeli, na rundo la waya begani. Akaongozwa nyuma ya nyumba. Antena ilikuwa imefungwa kwenye kijiti kifupi, na majani ya migomba yameifunika pande zote. Ungeambiwa uitafute usingeiona.

"Inaelekea wapi?"

"Zamani ilielekea Uganda. Tangu Jumapili nimeigeuza, sasa inaelekea Dar es Salaam. Si huko ndiko wanakosoma habari?"

Limi alitabasamu. "Wengi hufikiri hivyo. Sikiliza, waitu, mzee wangu. Picha inatoka Dar kweli. Lakini haiji hapa moja kwa moja. Inarushwa juu angani, kuna chombo huko, juu kabisa kuliko ndege. Chombo hicho kinairudisha chini. Inapokelewa na mtambo ulio mlimani, pale juu ya mji. Mtambo huo ndio unaoisambaza kwetu."

Rugaibula alivua kofia yake polepole.

"Kwa hiyo mwanangu atatoka Dar, atapanda mbinguni, atashuka Bukoba, ndipo aje kwangu Kanazi?"

"Ndiyo."

"Atachukua siku ngapi?"

"Hutamaliza kupepesa jicho."

Mzee alitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, wingu moja tu jeupe. Miaka yote alipita chini yake na baiskeli, hakujua kwamba imejaa watu wanaopita.

"Basi antena tuielekeze mlimani kwenye mtambo," Limi aliendelea. "Na tuitoe hapa. Mawimbi haya yanayobeba picha husafiri yamenyooka, kama jicho linavyotazama. Kilima kikikaa katikati, hayapiti vizuri. Na jani la mgomba limejaa maji. Mawimbi yakiingia humo yanamezwa, hasa mvua ikinyesha."

Akashika waya. Mahali ulipounganishwa palikuwa pamezungushiwa mfuko wa plastiki. Alipoufungua, maji yalitiririka, na shaba ndani ilikuwa na kutu ya kijani.

"Hapa napo picha inafia njiani. Waya mmoja mzima, bila kiungo, ndio bora. Na antena yenyewe ni ya mikono mirefu, ya kituo kile cha zamani. Kituo hiki kinataka ya mikono mifupi. Nimekuja nayo."

"Na vile vituo vingine vya bure alivyoniambia shemeji yangu wa Mwanza?"

"Hivyo hapana, mzee, nisikudanganye. Bure maana yake hulipii. Haina maana kwamba vimefika. Mitambo yake iko mbali, na dunia yenyewe imejipinda. Hata ukinunua antena kumi, hupati."

Rugaibula alipenda jibu hilo, kwa sababu halikupambwa. Ila Limi alipoomba mti mrefu, uso wa mzee ulibadilika.

"Mrefu kiasi gani?"

"Uipite migomba yote. Uipite nyumba."

"Hapana. Kwangu hakuna kinachopita bati."

Mzee alikaa kwenye gogo, akaeleza. Mwaka sabini na nane, wakati wa vita, ndege za adui zilipita juu ya Bukoba. Watu waliambiana kwamba rubani hutafuta bati linalong'aa. Rugaibula alipanda juu ya nyumba yake mpya, akaifunika yote kwa majani ya migomba. Aliyekuwa chini akimpa majani hayo, moja baada ya jingine, alikuwa Eufrazia, msichana wa miaka minane.

"Ndege ilipita, haikutuona," alisema. "Tangu siku hiyo kitu king'aacho hakikai juu ya nyumba yangu."

Fundi hakucheka. Aliyesema ni Ma Kemilembe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kisu cha ndizi mkononi.

"Ulificha bati, ukafanya vizuri, tukapona. Ukaficha antena, nikanyamaza. Ukaficha na ugonjwa wa mtoto. Kila aliyekuja kuhani ulimwambia ni kifua. Eufrazia mwenyewe hakujificha, bojo, mume wangu. Alisimama mbele ya kamera ya wale wageni akasema. Sasa anakuja kwake, na baba yake amemfungia njia kwa majani!"

Rugaibula alitazama kaburi la binti yake pale kwenye kibanja, kisha akamtazama Kokuhirwa aliyekuwa akichezea kipande cha waya. Akainuka, akachukua panga, akaenda kukata mkaratusi.

Hawakusimamisha mlingoti papo hapo. Limi alishika antena mkononi, akazunguka nayo uani, huku Ma Kemilembe akitazama televisheni na kupiga kelele.

"Bado! Bado! Chenga tu! Rudi nyuma kidogo... Ruhanga wangu, Mungu wangu! Mtu! Mtu mzima, ana tai!"

Mahali penyewe palikuwa irembo, pale mbele ya nyumba ambapo huanikwa kahawa. Hapo palikuwa wazi kuelekea mlimani. Wakauchimbia mti, antena ikapanda juu ya majani yote. Limi akaonya mambo mawili. Mlingoti usikae karibu na nyaya za umeme. Na radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa antena kwenye televisheni mapema, kaa mbali nao. Radi ya Bukoba haina mchezo.

Mzee alitazama ile antena inayong'aa juani. Mabega yake yalikuwa yamejikunja, kama anayesubiri kitu kutoka juu. Hakikuja kitu ila kunguru mmoja aliyeizunguka na kwenda zake.

Jumapili, irembo ilijaa. Majirani walikuwa wameiona antena kutoka mbali, wakaja bila kuitwa. Televisheni iliwekwa mlangoni. Saa kumi ikafika, kwaya ikatokea, safi, hadi vifungo vya mashati vilionekana. Kisha mwanamke mmoja mwembamba akasogea mbele. Akatabasamu.

Kokuhirwa alitambaa mpaka karibu na kioo.

"Ana mwanya," alinong'ona. Akagusa meno yake. "Ana mwanya kama wangu!"

"Naitwa Eufrazia," mwanamke alisema. "Mimi ni binti wa Rugaibula, wa Kanazi. Nina virusi vya ukimwi. Nasema wazi ili wengine wasiogope kupima, na wagonjwa wasifichwe ndani. Nina mtoto, Kokuhirwa. Siku moja atauliza habari zangu. Nataka aambiwe kweli."

Halafu akaimba. Ma Kemilembe aliimba naye, sauti ya pili, kama walivyozoea jikoni. Rugaibula alikaa na kofia mapajani, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Aliona ajabu kubwa kuliko zote za maisha yake: mwanawe amepita katika anga ile ile aliyomfundisha kuiogopa, akamfikia mlangoni.

Kipindi kikaisha. Jirani yao Rwegasira alikohoa.

"Mzee, ulituambia kifua."

Rugaibula alisimama. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Niliwadanganya. Ulikuwa ukimwi. Yeye alisema, mimi nikaficha. Mmemsikia."

Hakuna aliyeondoka. Rwegasira aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mkewe naye ni mgonjwa, yuko ndani tangu mwezi wa tatu, na watu wameambiwa amesafiri.

"Twende tukamwamkie," alisema Ma Kemilembe, na tayari alikuwa anajifunga kitenge.

Walitoka wote pamoja kupitia irembo. Kokuhirwa alishika mkono wa babu yake. Walipofika chini ya mlingoti alisimama, akainua uso, akaipungia antena mkono.